Mwenyewe Hayupo

Chalinze,
14 Januari 2024

Mama Mdogo Ashatu,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje? Na miguu, bado inavimba ukisimama sana dukani? Mimi sijambo, nakula, nalala, na chumba nilichopanga hakivuji. Barua hii nampa Shuaibu, konda wa basi la kuja Bagamoyo, maana simu zetu tunaziacha kwenye droo asubuhi tukiingia ofisini, na jioni nikikupigia unaitikia "ehe, ehe" kisha unakata. Barua angalau utaisoma mpaka mwisho.

Basi nikupe ya ofisini, ila ucheke taratibu usije ukakohoa. Miaka yote ile nimesimama kwenye duka lako la vyombo, leo nimepewa kiti cha kuzunguka, na kukaa kumenishinda! Mtu akiingia tu nimeshainuka: "Karibu mama, karibu baba, gusa, angalia, kuangalia bure." Aguse nini, na mezani pana kalenda tu? Dada Evelyn, ninayefanya naye kazi, alicheka mpaka machozi. Asubuhi ya kwanza nilitafuta kitambaa nikafuta meza, nikafuta madirisha, nikafuta hata maua ya plastiki. Ikifika alasiri mikono inaniwasha kwa kukosa kitu cha kupanga.

Kazi yangu ni kupokea watu. Ofisi inawatafutia wasichana kazi za nyumbani huko Uarabuni, na mama zao huja kuuliza hili na lile. Mkuu wetu, Bwana Amedeus, ndiye yule aliyekuja dukani kununua chupa ya chai, akabaki pembeni ananitazama nikimuuzia sufuria mama aliyekuja kuuliza njia tu. Anasema alijua palepale. "Wewe akina mama watakuamini," aliniambia.

Najua uliumia nilipoondoka. Lakini nami nimefika umri wa kutaka kukaa chini, Mama Mdogo. Niombee.

Mwanao,
Adila


Bagamoyo,
2 Februari 2024

Mwanangu Adila,

Marahaba, tena marahaba. Kifua kimetulia. Miguu ni ile ile, ndiyo niliyozaliwa nayo. Wateja wanakuulizia, nawaambia Adila siku hizi ni mtu wa kiyoyozi, hashiki masizi.

Usidhani nimenuna. Nilinuna kidogo, nikaona hakuna wa kunibembeleza, nikaacha.

Ila nina swali, na nauliza kama muuza vyombo. Mtu akinunua ndoo kwangu ikavuja, anairudisha, ananitukana mbele ya watu, nampa nyingine, yamekwisha. Nyie huko ikivuja, wanarudisha nini, na wanamtukana nani? Duka lisilo na kitu kwenye rafu linanitia mashaka. Halafu mtu mzima kunyang'anywa simu kama mtoto wa bweni, hilo nalo sijalipenda hata kidogo.

Kuuza nilikufundisha mimi. Hilo la watu kukuamini sikukufundisha, ulizaliwa nalo. Usimwachie mtu akalichezea.

Kula vizuri. Mchele nimekutumia kwa Shuaibu.

Mama yako mdogo,
Ashatu


Chalinze,
21 Machi 2024

Mama Mdogo mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na futari zako za mwezi huu hazikosi tambi. Mchele ulifika na nimeumaliza. Nina habari njema: nimepandishwa! Soma uone namna ilivyokuja.

Kuna mama anatoka Lugoba, tunamwita Mama Scola. Bintiye Scola alisafirishwa kabla mimi sijaja hapa, na tangu aende mama yake hajamsikia sauti. Siku ya kwanza alipokuja, Bwana Amedeus alikuwemo chumba cha ndani. Akigonga ukuta ujue hataki mgeni. Akagonga, nami nikasema, "Mwenyewe hayupo, mama, katoka kidogo." Unajua sentensi hiyo ilivyouzoea ulimi wangu. Nimeisema mara ngapi, nawe uko nyuma ya pazia unakula ugali wako! Mama wa watu akaenda, akarudi, nikamwambia vilevile.

Safari iliyofuata akasimama mbele ya meza, akasema, "Binti, kila nikija mwenyewe hayupo. Hasa mwenyewe ni nani?"

Wallahi sikufikiri. Ulimi ulikimbilia dukani. Si unakumbuka mteja mbishi wa bei akisema atamngoja mwenyewe ampunguzie, mimi humjibu mwenyewe ndiye mimi, naye hukata tamaa akanunua? Basi nikasema, "Mwenyewe ndiye mimi, mama. Sema na mimi."

Hakufoka. Alinitazama usoni muda, kama anayejifunza sura, kisha akaniuliza jina langu, la baba yangu, na kwetu wapi. Nikamtajia vyote, maana mtu mzima akikuuliza kwenu utamficha vipi? Akasema, "Haya, mwenyewe," akaenda zake.

Nilitegemea kugombezwa. Bwana Amedeus alitoka ndani anacheka kwa furaha, akanipa mkono. Jumatatu nikakuta nimehamishiwa meza kubwa ya dada Evelyn. Evelyn haji tena, Bwana Amedeus anasema amepata kazi nzuri zaidi. Ajabu hakuniaga, na viatu vyake vya kubadilishia bado viko chini ya meza. Nimevisogeza pembeni, akija atavikuta.

Nifurahie, Mama Mdogo.

Mwanao,
Adila


Bagamoyo,
26 Machi 2024

Adila,

Nakusalimu. Mimi mzima, wewe ndiye sijui. Barua yako imenifika nikiwa na mteja, nikamwacha amesimama na kikaango mkononi.

Akili unayo, au umeikalia kwenye hicho kiti cha kuzunguka? Ulipokuwa ukijiita mwenyewe hapa dukani, nyuma ya pazia nilikuwepo mimi. Mteja akizidi, natoka, naifuta midomo, namaliza mambo. Kila mtu sokoni anajua duka ni la Ashatu. Ule ulikuwa mchezo wetu, na hata mteja aliujua. Huko nyuma ya pazia yuko nani? Yuko mtu anayegonga ukuta, na aliposikia umejitwika jina lake alicheka. Mimi tajiri wa duka, msichana wangu akijitangaza yeye ndiye mwenye mali mbele ya mtu aliyepotelewa, sicheki, namkata kofi!

Na huyo mama hakuja kupunguziwa bei. Anamtafuta mtoto wake.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nenda Lugoba, mwambie ulimi uliteleza, umwombe radhi. Ukitoka huko usirudi ofisini, panda basi uje nyumbani. Na huyo Evelyn, kuna aliyekwenda kumuuliza kwao?

Nina hasira na wewe na nina hofu juu yako. Zote mbili zichukue.

Mama yako mdogo,
Ashatu


Chalinze,
9 Juni 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Barua zako zote zimenifika, na zote nimezisoma, hata ile uliyoandika "Adila rudi" tu na jina lako. Afya yangu ni nzuri ila sipati usingizi.

Lugoba nilikwenda. Mama Scola alinikaribisha vizuri, akanipa uji. Nikamweleza yote: duka lako, pazia, wateja wabishi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Wenyewe wote husema hivyo siku ya kuulizwa." Uji ulinishinda.

Nikamfuata Bwana Amedeus nikamwambia nataka kuacha kazi. Hakubisha. Akauliza, "Sasa mwenyewe anamuaga nani?" Kesho yake nikakuta kibao kipya mlangoni, kina picha yangu, na chini yake "Adila Mwinshehe, Mkurugenzi." Picha ile alinipiga siku ile ya kupandishwa, nami nikatabasamu.

Siku hizi haji ila mara chache, na kila akija anaondoka na kitu. Kiti chake ameshachukua, na televisheni pia. Nikimuuliza habari za wasichana ana jibu moja: wazima, simu zao tu zimeharibika. Zote, Mama Mdogo? Zikaharibika zote?

Mama Scola sasa hayuko peke yake. Akina mama wamejaa barazani. Hawatukani, hawapigi kelele. Nikifika asubuhi wanasimama wote kunisalimu, na heshima hiyo ndiyo inayonitisha. Sokoni wanaonyeshana, "Yule pale." Juzi alikuja kijana mmoja, nikadhani naye amepotelewa na dada aliyekwenda ng'ambo. Kumbe ni kaka yake Evelyn. Hawajamwona nyumbani tangu mwezi wa tatu. Alikuja kuniuliza mimi nimempeleka wapi.

Naogopa. Sina namna nyingine ya kulisema.

Mwanao,
Adila


Bagamoyo,
12 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu zote nimekupa. Ijumaa hii basi la Shuaibu likitoka Chalinze mchana litapita mbele ya ofisi na kusimama, nimeshazungumza naye. Toka kama ulivyo, na mkoba wako tu. Usibebe nguo wala usimuage mtu. Chumba chako nimekifagia na shuka nimetandika. Ukifika hapa tutakwenda kituo cha polisi pamoja, mimi mbele wewe nyuma, na nitasema mwenye mtoto huyu ni mimi. Wakija watu kukuuliza dukani, watanikuta mimi kwanza.

Njoo, mama. Sitakugombeza.

Mama yako mdogo,
Ashatu


Chalinze,
Ijumaa, 14 Juni 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo. Naandika upesi.

Mkoba nilikuwa nao begani. Nilipofungua mlango nitoke, Mama Scola alikuwa amesimama hapohapo. Akasema, "Leo hatukuulizi kitu. Tunaomba utupigie tu." Bwana Amedeus ameondoka na kila kitu, simu yake haipatikani, lakini simu ya ofisi aliiacha, na ndani yake mna namba moja ya huko nje. Sikuwahi kuigusa. Nikaipiga, nikaweka sauti kubwa wote wasikie.

Akapokea mwanamume, anaongea Kiswahili chetu. Nikasema ni Adila wa Chalinze. Akachangamka. "Adila mwenyewe! Tumekusikia sana." Nikasema namtaka Scola. Hakusita, akaenda kumwita.

Mama Mdogo, yule mtoto aliponisalimia alisema, "Shikamoo mwenyewe. Nimekosa nini? Wanasema siwezi kurudi mpaka wewe useme. Nakuomba useme." Mama yake yuko ubavuni kwangu. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili asilie, ili asikose hata neno moja la mwanawe.

Nikasema, "Nimesema. Arudi. Mwacheni arudi leo hii." Yule mwanamume akachukua simu, akasema, "Sawa, mwenyewe, basi nawatuma watu waje muongee." Akakata.

Shuaibu amesimamisha basi, anapiga honi, abiria wananung'unika. Sipandi. Usinikasirikie. Kwa miezi yote hii hakuna aliyemjibu mama huyu, na namba ile imejibu kwa jina langu. Nikiondoka, Scola atamwomba nani? Akina mama wawili wameshakwenda kituoni kumleta askari aje asikie mwenyewe hiyo simu. Nitamweleza yote, na kibao nitamwonyesha.

Kuna gari jeupe limesimama nje sasa hivi, vioo vyeusi. Huenda askari wamewahi. Nampa Shuaibu hii.

Mwanao,
Adila


Chalinze,
29 Juni 2024

Mwanangu Adila,

Hujambo? Mimi sijambo. Naandika hivyo kwa kuwa barua ndivyo inavyoanza.

Nimekuja huku tangu wiki iliyopita. Kituoni wamenipokea vizuri na wameandika maelezo yangu. Wanasema askari wao alikuja kwa miguu na wale akina mama wawili, wakakuta mlango umefungwa. Gari lolote hawakutuma.

Mama Scola amenieleza yaliyobaki. Walishuka wanaume wawili, nadhifu, wakasalimia kila mtu, wakauliza kwa adabu mwenyewe ni nani. Wewe ukawajibu kabla mtu mwingine hajafungua kinywa. Alikushika mkono, ukajinasua, ukamtia simu ya ofisi kiganjani ukamwambia asiizime, kisha ukapanda gari lao. Hajaizima. Tunaichaji kwenye kibanda cha jirani, na kila siku tunaipiga ile namba, nayo haiiti.

Kaka yake Evelyn amekuja, nikampa vile viatu, ambavyo Mama Scola alivitoa chini ya meza kabla mlango haujafungwa. Alivitambua.

Duka nimelifunga. Nashinda barazani hapa na akina mama wenzangu. Siku niliyofika walinisogezea nafasi, hawakuniuliza nimekuja kumtafuta nani.

Mlango una kufuli jipya ambalo hakuna anayejua limewekwa na nani. Barua hii naisukuma chini yake, maana sijui pengine pa kukupelekea.

Mama yako,
Ashatu