Kura Iliyofunga Duka la Assunta

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Corley Mills, Pennsylvania
Jumamosi, 14 Mei 1921, saa 4:10 asubuhi

Jina: Henry Foote
Umri: miaka 75
Kazi: mwalimu mkuu mstaafu, diwani
Makazi: Mtaa wa Kanisa, nyumba namba 9

Natoa maelezo haya kwa hiari. Daktari amenipa wiki chache, lakini akili yangu ni timamu.

Mnamo tarehe 3 Mei, saa moja jioni, baraza la mji lilijadili sheria ya kumnyima leseni ya duka kila asiye raia. Sote tulijua inamlenga Assunta Percopo, mjane wa Kiitaliano anayelea watoto wanne kwa tanuri yake ya mikate. Mwenyekiti, Walter Prewitt, alimwuliza, "Mama, karatasi za uraia ziko wapi?"

Akajibu, akininyooshea kidole, "Sina. Na huyu mzee, zake mmeziona?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikainua mkono, nikaapa kwamba nimezaliwa mji huu, na baba yangu pia. Sheria ikapita kwa kura tatu dhidi ya mbili. Ya tatu ilikuwa yangu. Kesho yake tangazo likabandikwa mlangoni kwake: duka lifungwe Jumatatu, tarehe 16.

Kiapo kile kilikuwa cha uongo. Jina langu la kuzaliwa ni Heinrich Vogt. Nilizaliwa Bremen, Ujerumani, nikaletwa hapa nikiwa na miaka mitatu. Baba hakuwahi kuomba uraia, wala mimi. Nimefundisha katiba ya nchi hii miaka arobaini na hakuna aliyeniuliza. Mwaka 1918, wakati wa vita, niliongoza kuchoma vitabu vya Kijerumani uani mwa shule. Kimoja kilikuwa kitabu cha sala cha mama yangu. Nilikitia motoni mwenyewe.

Jana saa nane mchana nilimwona wakili wa mji. Alisoma cheti changu cha ubatizo mara mbili, akasema asiye raia hawezi kuwa diwani, kura yake si kura, na kwa mbili kwa mbili sheria haipiti.

Asubuhi hii Prewitt alinifuata hapa kituoni. "Mwalimu, jimbo zima litatucheka."

Nikamwambia, "Litacheka kwa haki, Walter. Mgeni pekee aliyewahi kuwatawala ni mimi."

Sajenti Haskell, anayeandika haya, alitaka kuandika kwamba naweweseka. Nilimwambia, "Darasani ulikuwa mvivu, lakini hukuwa mwongo. Andika." Ameandika.

Najua adhabu ya kiapo cha uongo. Wakiniwahi kabla sijafa, sawa. Jana nililala usingizi wa mtoto.

Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema. Nimesomewa, nimeyakubali.

(Sahihi) Heinrich Vogt

Maelezo ya ofisa: Wakili amethibitisha kwa simu. Saa 6:20 mchana nimebandua tangazo mlangoni kwa Bi Percopo. Shahidi alitaka kushuhudia, nikamsukuma hadi pale kwenye kiti chake cha magurudumu. Bi Percopo alimwuliza, "Mzee, umekuja kukagua au kununua?" Akajibu, "Kununua, mwanangu. Mgeni mwenzako ana njaa." Alimuuzia mkate wa moto, kwa bei kamili.

Sgt. R. Haskell