Na Zile za Kanisani, Tunahesabu?

Jumanne, Kabiro. Baridi ya Julai imekaa juu ya mabati tangu asubuhi. Nimefunga kibanda changu cha ushonaji mapema, maana nimeshona zipu kinyume mara mbili na suruali za wateja hazina makosa.

Leo nimempeleka mama kliniki. Ana miaka sabini na minne, anaishi peke yake mtaa wa Lindi, hapa hapa jijini, anakaanga omena, dagaa wa kuuza, mlangoni pake. Wiki iliyopita jirani alimkuta amezirai kando ya jiko, mafuta yakichemka. Alipozinduka aliuliza kama omena imeungua.

Mimi, kifungua mimba mwenye akili nyingi, nilishajua sababu: hanywi chai ya kutosha. Alipoanguka mwezi wa tano nilisema ni jua. Ndugu zangu waliniamini, kwa kuwa ndimi pekee niliyewahi kusoma kitabu cha afya. Nilikisoma nusu.

Daktari, msichana wa rika la binti yangu, hakuyataka maoni yangu. Alimpima mama presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Akazikagua dawa zake moja moja. Halafu akaniuliza ameanguka mara ngapi mwaka huu. Nikajibu kwa sauti ya mjuzi: mara mbili.

Mama akageuza shingo. "Na zile za kanisani, tunahesabu?"

Nilicheka. Daktari hakucheka.

Kanisani kwa mama, ukianguka wakati wa maombi umebarikiwa. Kina mama wawili husimama nyuma tayari, wanakudaka, wanakulaza taratibu, wanakufunika leso miguuni, na ibada inaendelea. Nimewahi kumwona mama amelala pale. Nikaendelea kupiga makofi.

"Kuna kitu unasikia kabla ya kuanguka, shosho?" daktari akamuuliza mama, kama anayemwita bibi yake.

Mama alifikiri. "Ile ya Roho unaisikia. Joto linakuja, unalia, unajua unaenda. Hizi zingine hakuna kitu, daktari. Ni kama stima ya Lindi. Inapotea tu, unabaki gizani."

"Hizo zingine ni ngapi?"

"Sita. Labda saba."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ungeniambia ninywe chai."

Wakambandika kifuani nyaya za kupima moyo, karatasi ikatoka na milima yake. Daktari alisema presha haishuki akisimama, na dawa hazina neno. Ila kuanguka bila dalili yoyote kunamtia wasiwasi. Huenda moyo unasimama kidogo, kisha unakumbuka kazi. Alhamisi atafungwa kamashine katika hospitali kubwa, kausikilize moyo kwa siku mbili. Hadi hapo asikaribie moto, asiachwe peke yake.

Nimemleta kwangu. Amelala kwenye kochi na viatu vyake, akiwa tayari kurudi Lindi nikizubaa.

Jioni hii nimempigia Mama Akinyi, mmoja wa wale wanaodaka. Nilitaka kumwomba tu awe macho. Akaniomba nisubiri, nikasikia akifunga mlango.

"Jumapili juzi alikawia kuamka," akasema. "Midomo ilibadilika rangi. Tukaongeza maombi."

Simlaumu. Ningekuwepo, ningeongeza sauti.

Mama bado hajui nimepiga simu. Kesho kuna ibada ya katikati ya wiki na ameshaniambia hawezi kukosa. Nitamkatalia. Atanuna, atawaambia ndugu zangu nimemfunga kama mbuzi, nao watamwamini yeye.

Naogopa. Kila leso aliyojifunika ikitulia kifuani, nasogeza kiti karibu hadi ipande tena kwa pumzi yake.

Kati ya leo na Alhamisi kuna Jumatano nzima.