Ufunguo Ulikuwa Kwenye Droo

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Kitale tu wazima. Mahindi tumevuna, na babu yako bado anaikataa fimbo. Cheka tu, eti nina miaka thelathini na moja na unaniita kukhu! Lakini babu yako ni kaka yangu wa baba mmoja, kwa hiyo mimi ni nyanya yako na utanivumilia.

Umeuliza kwa nini afisa wa jeshi anashuka Bungoma kila Jumamosi kusomea usimamizi wa hospitali. "Kukhu, umechoka na bunduki?" Sijachoka. Nimekasirika.

Nilipokuwa luteni mpya nilimpeleka mama zahanati karibu na Saboti, pumu imembana. Nilikuwa nimevaa leso na kandambili.

"Dawa ziko stoo," muuguzi akasema, "lakini mwenye ufunguo ameenda matanga huko mjini Kwanza. Mrudi Jumatatu."

Nikamwonyesha kitambulisho changu cha jeshi.

"Ai, afande! Si ungesema mapema?"

Akavuta droo, akatoa ufunguo wa pili.

Nyuma yetu alikaa mama mwenye mtoto anayekoroma kifua. Naye alikuwa ameambiwa Jumatatu. Nekesa, jeshini mtu wa stoo humfungulia kuruta kama anavyomfungulia jenerali!

Nilisimama mlangoni, nikakataa stoo ifungwe mpaka mtoto yule apewe dawa. Akapewa. Lakini kesho yake sikuwepo, na droo ilibaki na muuguzi yuleyule. Ninasoma kwa ajili ya hiyo kesho yake.

Kukhu wako,
Nafula