Kuku wa Busiu na Mfuko Wangu Mwepesi

Mama Neema mpenzi,

Mbale imeamka ndani ya ukungu, nami humo humo. Tangu Jinja natembea na kile kifuko ulichokicheka: shati moja, chandarua, na mswaki niliokata mpini ili upungue uzito. Juzi mvua ilinikuta Busiu, nikakimbilia barazani kwa askari jela mstaafu. Aliutazama mfuko, akanionea huruma.

"Bwana, bibi alikufukuza?"

"Hapana, afande. Natembea tu."

"Sema kweli. Mimi naweza pigia yeye simu."

Alinilisha matoke, akanipa kitanda. Asubuhi akaleta kuku hai, maana huku mgeni haondoki mikono mitupu. Nilitaka kukataa, nilinde wepesi wangu. Kisha nikamwona mkewe mlangoni, ameshamfunga kuku miguu kwa kamba ya mgomba, anangoja kuona nitakavyofurahi. Nikapokea kwa mikono miwili.

Basi nikaingia mjini na kuku kwapani, moyo wake ukidunda mbavuni mwangu, na mbele yetu maji yakiporomoka mlimani bila sauti, kama ndotoni. Ni mzito, mke wangu, lakini ana joto tamu.

Mungu akulinde wewe na watoto, mlale vizuri. Wala usiniulize kama nimemchinja. Kesho tunapanda mlima pamoja.

Mumeo