Effendi na Zizi la Mkwe

Jumatatu, 3 Agosti
Gwaride saa kumi na mbili asubuhi. Vumbi. Mahema yetu yako nyuma ya reli, na upepo wa Dodoma mwezi huu hauheshimu cheo cha mtu. Platuni yangu ina watu ishirini na nane, wote wazima isipokuwa Koplo Ndalu. Jino.

Saa nne Meja akaniita. Jina langu limepelekwa juu. Nikikubaliwa, nitakwenda Uingereza kusomea uofisa kamili. Effendi ndiyo ngazi ya mwisho kwa mtu mweusi. Nimepanda miaka ishirini na moja kuifikia. Sasa wanasema ipo nyingine juu yake. Nilipiga saluti, nikatoka, nikajikwaa kwenye kamba ya hema. Askari waliona.

Mke wangu Matika alikuwa anapepeta uwele nilipomwambia. Akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Wazungu watakufundisha nini, Baba Danieli? Kukoroma?" Kisha akanishika masikio yote mawili. Nampenda mwanamke huyu. Sijawahi kumwambia.

Alhamisi, 6 Agosti
Kwa fundi wa Kihindi, kupimwa koti la baridi. Amenipima kifua mara mbili, kwa heshima. Nimerudi nimejaa furaha.

Nyumbani nimekuta kadi ya chama mezani, kando ya Biblia. Ya Matika. Hakuificha. Askari haruhusiwi siasa, na nyumba yake vilevile, anajua. Nimefoka. Nimemwambia ataniharibia kila kitu.

Akajibu polepole, "Buti ni zako. Kadi ni yangu."

Nimekula peke yangu. Mlenda ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Jumapili, 9 Agosti
Kanisani tumekaa benchi moja, katikati yetu nafasi ya mtu mzima. Wimbo wa mwisho Matika akasogea. Bega lake likagusa langu. Sikulitoa.

Nje, watu wa kwao Mlali walikuwa wanamsubiri. Serikali inasema ng'ombe wamezidi, ardhi imechoka. Kila zizi litoe sehemu, ipelekwe mnadani. Watu wamekataa. Mama yake Matika ni mjane, ana ng'ombe kumi na mmoja, kila mmoja na jina lake.

Jumatano, 12 Agosti
Amri imekuja jana. Jumamosi platuni yangu iende Mlali, isimame nyuma ya polisi. "Ni kusimama tu, Effendi," alisema Meja. Burma nako, wakati wa vita, walituambia ni kusimama tu.

Sikumwambia Matika. Asubuhi amefunga kikapu, anakwenda kukaa na mama yake. Nimembebea mpaka kituo cha basi. Effendi mzima na kikapu cha mke, watu wametazama. Alipokuwa anapanda nilimtengenezea kanga begani. Nilitaka kumwambia, usikae mbele. Nikampa kikapu chake.

Jumamosi, 15 Agosti
Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Tulifika Mlali saa tatu, pamoja na polisi, Meja na DC, mkuu wa wilaya. Zizi la kwanza kwenye orodha ni la mkwe wangu. Wanawake kama arobaini walikuwa wamekaa chini mlangoni, miguu wameinyoosha. Mkwe mbele kabisa. Matika ubavuni mwake. Polisi wakajaribu kuwainua. Wanawake wakashikana mikono, wakaimba. Mmoja akarusha kinyesi, kikampata inspekta shavuni. Meja akanigeukia. Askari wafunge singe kwenye bunduki, wasogee, akaamuru.

Sikutoa amri. Mara ya kwanza katika maisha yangu ya jeshi.

"Bwana," nikasema, "yule mzee ni mama wa mke wangu. Kwetu mkwe simkaribii hata kwa mikono mitupu."

"Ni amri, Effendi."

"Naomba kwanza niseme nao."

Sikungoja jibu. Mkanda na fimbo nikampa Ndalu, nikaenda. Hatua kumi kabla ya kuwafikia nikapiga magoti, macho chini. "Mbukwenyi," nikawaamkia kwa lugha yetu. Wimbo ukakatika. Mkwe akajifunika uso kwa kaniki yake, akaitikia. Kwa desturi hatusemeshani, basi maneno yakapita kwa Matika, ingawa tulisikiana wote.

Nikasema, mwambie mama leo wakubali ng'ombe wahesabiwe tu. Hatatolewa hata mmoja.

Mkwe akamwambia bintiye, "Muulize mwanangu huyo. Hayo maneno ni ya mzungu, au ni yake?"

"Ni yangu," nikasema. Sikuweza kumdanganya.

Mkwe tena, kwa bintiye: "Mwambie akayafanye ya mzungu. Tunangoja."

Nikarudi kwa DC. Mtu amechoka, macho ya njano kwa homa. Akawatazama wanawake. Akawatazama askari wangu; hakuna aliyekuwa amesogea. Akakubali wahesabiwe tu. Mkwe akainuka, akaondoa miti ya mlango kwa mikono yake, akaita ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja. Matika hakunitazama mpaka lori letu lilipowashwa.

Jumanne, 18 Agosti
Meja hakufoka. Afadhali angefoka. Amesema nimeiokoa siku na nimelivunja jeshi, yote mawili kwa pamoja. Angeweza kunishtaki; hatashtaki. Jina langu limeondolewa. Ijumaa nikabidhi platuni, nikamalizie utumishi wangu stoo, kwenye mablanketi.

Nilishukuru, nikatoka. Niliitaka ile nyota ya uofisa begani. Hakuna mwingine atakayesoma hapa, basi niseme: niliitaka sana. Nimelia chooni.

Mnada wa Mlali umesogezwa mpaka baada ya mvua. Hakuna aliyesema umefutwa.

Ijumaa, 21 Agosti
Nimekabidhi. Ndalu alitaka kuhutubia, akaishia kupiga saluti. Platuni ikasimama mguu sawa bila kuamriwa.

Saa tisa nikashika njia ya nyumbani. Kwenye tuta la reli namwona Matika anakuja. Amerudi na basi la mchana. Katika ndoa yetu yote hajawahi kuja kunipokea barabarani. Akachukua begi langu, akaliweka kichwani.

Nikamwambia sitakwenda Uingereza.

"Nimesikia kituoni, kwa mke wa Ndalu," akasema.

Hakuomba radhi. Sikudai. Tulipovuka reli akauliza, "Inauma?"

"Inauma."

Akapunguza mwendo mpaka tukawa sambamba. Tumekwenda hivyo hadi mlangoni, polepole, jua bado kali.