Mufuko ya Soya Juu ya Mbabula

Kazi moja, 17 novemba

Mu Lubumbashi yote hakuna muntu anajua soya kunipita miye.

Bongo, nimedanganya. Sijue kitu. Miaka makumi tatu nilikuwa nafunga mabehewa ya shemedefere, na masomo nilifika tu darasa ya ine. Mwenye kujua soya alikuwa Albertine, bibi yangu wa ndoa. Miye nilikuwa nabeba mufuko na kunywa maziwa ya soya. Ku kunywa, hapo njo niko profesa.

Asubui nimepanda kiti, nimegusa mufuko juu ya mbabula, jiko yetu ya makala. Kama kila siku. Iko. Kavu, inanuka moshi na makala. Albertine alikufaka mwezi ya saba, akaacha nusu mufuko ya mbegu. Misimu sita aliichagua moja moja na mukono: ile ya manjano, ile maganda yake haipasuke mbele ya mavuno. Alisema: «Numbi, usiikule, usiiuzishe. Ngoja mvula.» Nimeitundika juu ya moto, vile mama yangu alifanyaka na mahindi kule Kabongo. Moshi inafukuza badudu. Hakuna mududu hata moja. Najisifu.

Kazi tatu, 19 novemba

Mama Odile amekuja. Yee njo mukubwa wa bamama wa shirika yetu, kule ku kanisa. Banalima soya njia ya Kasenga, banakamua maziwa, banakaanga unga ya uji ya batoto. Banauzisha kisha misa, na mu kartie ya Golf, kwa bibi za bakubwa wenye banaogopa kunenepa.

— Baba Numbi, mbegu ya marehemu iko muzima?

— Iko inalala sawa askofu.

— We na ile kinywa yako!

Anasema Mama Kavira, ule muchuuzi wa Butembo mwenye depo ku soko, iko na mbegu mupya ya Zambia. Tununue kidogo, ya akiba. Nimekataa. Nimesema mbegu ya kupita mupaka ya Kasumbalesa, sijue nani aliibatiza. Amecheka, amekubali. Niko na furaha mubaya, ile ya mutoto mwenye ameiba sukari.

Siku ya posho, 22 novemba

Mvula ya kweli. Tumepanda. Bamama kumi na mbili, majembe, nyimbo. Miye nimekaa juu ya bidoni ya mayi, naamuru sawa shefu wa gare ya treni.

Mama Odile alileta kitambaa ya kulowanisha. Alitaka kufunga ndani mbegu makumi mbili, kungoja siku tano, kuona ngapi itaota. Albertine alifanyaka vile kila mwaka. Nimemuambia mbegu ya Albertine haiko mutoto wa masomo, haipite ekzame. Bamama bamecheka. Mama Odile amekunja kitambaa yake.

Mbegu karibu yote imeingia mu udongo.

Kazi ine, 27 novemba

Nimeenda kuona. Hakuna kitu. Njiwa tu, zinatembea mu mistari sawa mapolisi. Nimezitupia majiwe na matusi. Kosa ni ya njiwa.

Siku ya Mungu, 30 novemba

Kisha misa hakuna mwenye ameniuliza habari ya shamba. Mama Odile amenisalimia polepole, vile banasalimia mugonjwa. Sipendi.

Nimerudi mu shamba peke yangu, na nguo ya misa. Nimechimba na kidole. Mbegu iko mule. Njiwa haikukula kitu. Mbegu imevimba, imeoza, laini, inanuka. Nimechimba mustari yote, magoti mu matope. Yote vile vile.

Nimekumbuka dawa ya Albertine. Ile siro ya mwisho, chungu kupita chungu. Alikataa kuinywa kama miye sijaonja mbele. Kila kijiko, asubui na mangaribi, nilionja. Munganga alisema muzee, utakufa na dawa ya wengine. Sikukufa. Ni yee alikufa.

Kazi mbili, 2 desemba

Mbegu ilibaki kidogo mu mufuko. Nimeipeleka ku depo ya Mama Kavira. Nilitaka tu aseme udongo yetu ni mubaya. Ameweka mbegu moja mu meno, ameivunja, ameangalia ndani.

— Papa, hii uliiweka wapi?

— Juu ya mbabula. Mu moshi. Kufukuza badudu.

Hakucheka. Afazali angecheka.

— Ile ni ya mahindi, papa. Soya iko na mafuta ndani. Joto inaiua. Inataka fasi ya baridi.

Miezi ine. Kila asubui nilikuwa napanda kiti kugusa maiti.

Nimeenda nyuma ya kamyo yake, nimelia mpaka kamasi. Albertine, ugonjwa njo ilimuua. Mbegu yake, ni miye.

Siku ya posho, 6 desemba

Nimesimama mbele ya bamama. Nimesema yote: moshi, kiti, kitambaa yenye nilikataa. Nilikuwa nimetayarisha mazaha mbili. Nimeiacha.

Mama Odile akaita:

— We muzee! Umetupikia mbegu bila chumvi!

Moja akacheka, kisha bote. Kisha Mama Odile akaanza kupangusa macho na ileile kitambaa ya kujaribu mbegu. Misimu sita bo pia balikaa chini na Albertine, kuchagua. Nilisahau. Nilifikiri kilio ni yangu peke yangu.

Nimeuliza kama kuko mwenye alibakisha hata mukono moja ya ile mbegu mu nyumba. Hakuna. Bote balimuachia Albertine, na Albertine aliniachia miye.

Bamenunua mbegu ya Zambia. Tumepanda tena mu mistari ileile. Miye bamenipa kazi: kufukuza njiwa. Njiwa zenye nilizisingizia.

Soya itakuwa. Ile yake, hapana.

Siku ya Mungu, 14 desemba

Mvula kidogo. Ile ya Zambia imeota. Muzuri, bichwa juu. Siwezi kudanganya.

Mu mufuko ilibaki bikombe mbili. Mbegu yenye imekufa haioti, lakini inakunywewa. Jana nimeilowanisha. Leo nimetoa maganda, nimetwanga, nimekamua na kitambaa nyeupe ya Albertine, ile alinikatazaka kupangusia biatu. (Nilipangusiaka. Mara moja.) Nimechemsha sana, sababu soya yenye haijaiva inaumiza tumbo. Mikono yangu haijue kazi hii. Imemwangika nusu.

Maziwa iko na harufu ya moshi.

Nimeweka bikombe mbili ku meza. Moja yangu, moja yako.

Albertine, ile siro nilionja kila kijiko yako, hata siku moja sikulalamika. Kidogo nililalamika. Leo ni zamu yako. Onja hii yangu mbele, kijiko moja tu, uniambie kama inanyweka. Niko nangoja.