Punje za Njano

Huanta, Peru
11 Juni 2023

Mpendwa dada yangu Nilda,

U hali gani huko Santiago? Kile kifua kimepona, au bado unajikaza tu kazini? Sisi hatujambo. Mama angali anakwenda sokoni kwa miguu yake, na kila akimenya viazi anakutaja.

Sasa nikupe habari za mwanao, wala sikufichi. Mwezi wa pili Yesenia alianguka kwenye mazoezi ya ngoma ya kanivali. Nesi akampima, akakuta damu ni tisa. Akasema isipopanda, mtoto atalazwa. Nililia, dada.

Siku hizi tunagawiwa mchele uliotiwa madini ya chuma. Yesenia hakutaka hata kuuona. "Mama mdogo, huo wali wa dawa. Wenzangu wanasema ni chakula cha wasio na mbele wala nyuma!" Nikamjibu, "Maringo tele, damu hakuna!" Basi akaanza kuula, uso kaukunja, ila sahani anaimaliza.

Mwezi uliopita tukarudi kupima. Tisa vilevile. Nikamwambia ni mwongo, wali anaumwaga nikigeuka. Akaapa kwa jina lako, akalia. Sikumsadiki.

Juzi akanikuta uani nachambua mchele kama mama alivyotufundisha, mawe na punje mbovu nawatupia kuku. Akainama, akaziokota zile za njano njano.

"Mama mdogo! Hizi ndizo zenye chuma! Nesi alituonyesha shuleni."

Miezi mitatu, Nilda! Kuku wamenona, mtoto amekauka.

Nilimwomba radhi palepale, mbele ya mama. Akacheka hadi akashika mbavu, kisha akanikumbatia. Sasa mchele anapika mwenyewe, na shuleni anawabishia wanaoucheka. Nesi ametuongezea mwezi mmoja kabla ya hospitali. Naogopa bado, lakini anakula.

Amenikataza nisikuandikie haya, usije ukaniona mjinga. Mimi nimemwita mwongo, naye ananifichia aibu! Akikupigia Jumapili, tafadhali, mwambie kwamba wewe, mama yake, hukumtilia shaka hata siku moja.

Msalimie shemeji Edilberto na jirani yako Maruja. Mungu akulinde na baridi, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Mdogo wako akupendaye kwa moyo wote,
Eulalia